Usiibahatishe Anwani ya Ruta, Kiulize Kifaa Chako

Nakuandikia wewe unayeanza kuhudumia mitandao ya nyumbani, iwe ni kwa ajira au kwa sababu wewe ndiye unayeitwa kila Wi-Fi inapogoma. Katika kazi hii nimeshuhudia mara nyingi mtu akifungua kivinjari ili aingie kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, akaandika 192.168.1.1 kwa kuwa ndiyo namba aliyoizoea, ukurasa ukakataa kufunguka, akajaribu 192.168.0.1, kisha 10.0.0.1, na mwishowe akaamua kwamba ruta imeharibika. Ruta mojawapo niliyoitiwa kwa namna hiyo haikuwa na kasoro yoyote. Anwani yake ilikuwa 192.168.100.1, na kompyuta iliyokuwa mezani ilikuwa ikiijua tangu dakika ilipojiunga na mtandao.

Naomba ulishike jambo hilo kabla ya mengine yote: kifaa kinachopata intaneti kupitia ruta lazima kiwe kinaijua anwani ya ruta hiyo, kwa sababu bila hiyo hakiwezi kutuma chochote nje ya nyumba. Kinapojiunga, ruta hukigawia anwani ya kutumia kwa utaratibu uitwao DHCP, na papo hapo hukieleza ni wapi pa kupitishia kila kinachokwenda nje. Mahali hapo huitwa lango, na katika nyumba nyingi lango ni ruta yenyewe. Kwa hiyo kazi yako si kubahatisha, ni kusoma kilichokwisha kuandikwa.

Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi linalofunguka andika ipconfig na ubonyeze Enter tena. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huingiwa na hofu, kwa sababu maandishi ni mengi na baadhi ya mafungu yanasema kwamba hakuna muunganisho. Usihangaike na mafungu hayo, kwani kila kadi ya mtandao, hata zile za kubuni zinazowekwa na programu, ina fungu lake. Tafuta fungu la kadi unayoitumia, yaani la Wi-Fi au la kebo, kisha ushuke hadi mstari ulioandikwa Default Gateway. Juu yake kidogo kuna mstari wa IPv4 Address, na wengi huuchukua huo kwa kuwa ndio unaokutana na jicho kwanza. Huo ni wa kompyuta yako. Ukisomeka 192.168.100.23, na lango likasomeka 192.168.100.1, namba utakayoiandika kwenye kivinjari ni hiyo ya pili. Wakati mwingine lango huonyesha mistari miwili, wa kwanza ukianza na fe80. Hiyo ni anwani ya IPv6, yaani ya mtindo mpya zaidi, nawe iache na uchukue ile yenye namba nne zilizotenganishwa kwa nukta.

Kwenye Mac, fungua mipangilio ya Wi-Fi, ingia katika maelezo ya mtandao uliounganishwa nao, kisha sehemu ya TCP/IP, usome mstari wa Router. Kwenye Linux, amri ya ip route hukupa mstari unaoanza na default via, na namba inayofuata ndiyo unayoitafuta. Kwenye iPhone, gusa alama ya i iliyo kando ya jina la Wi-Fi, usome mstari wa Router. Simu za Android hutofautiana kwa mtengenezaji, lakini katika maelezo ya mtandao mara nyingi utakuta mstari wa lango.

Huenda ukauliza kwa nini watengenezaji hawakukubaliana kutumia anwani moja. Waraka wa RFC 1918, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, uliotolewa Februari 1996, ulitenga mafungu matatu ya anwani kwa ajili ya mitandao ya ndani: linaloanzia 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, la 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na la 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255. Ndani ya mafungu hayo kila mtengenezaji huchagua apendavyo, na mwenye ruta naye anaweza kubadilisha. Ndiyo maana siziamini sana orodha ndefu za anwani za ruta kwa majina ya kampuni. Zinaweza kuwa sahihi kwa ruta iliyotoka kiwandani na zikakosea kwa ile iliyo mbele yako.

Ukiona anwani ya kompyuta inaanza na 169.254, na mstari wa lango uko mtupu, acha habari ya kivinjari kabisa. Kompyuta imekosa jibu la DHCP ikajipa anwani yenyewe. Kagua kebo, au jiunge upya na Wi-Fi, ndipo urudi kwenye amri.

Kosa jingine liko kwenye vidole. Namba iandikwe katika upau wa anwani ulio juu ya kivinjari, si katika kisanduku cha kutafutia. Nimekaa karibu na watu walioandika herufi ndogo l mahali pa tarakimu 1, au mkato mahali pa nukta, na kivinjari kikawapeleka kwenye matokeo ya utafutaji yaliyojaa kurasa zisizohusiana na ruta yao. Tangulia na http:// na tatizo hilo hupungua sana. Kivinjari kikikuonya kwamba muunganisho si salama, fahamu kwamba ruta nyingi hujitengenezea zenyewe cheti cha usalama, ambacho kivinjari hakikitambui; endelea ikiwa tu uko kwenye mtandao unaoujua na namba umeisoma mwenyewe kwenye mstari wa lango. Ikiwa unatumia simu, zima data ya simu kwanza, pamoja na VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia nyingine, na usiwe kwenye Wi-Fi ya wageni, kwa kuwa ruta nyingi huwazuia wageni kufikia mipangilio.

Ukurasa ukifunguka, utaombwa jina na nywila ya msimamizi. Nywila hii si ile ya Wi-Fi, ingawa zote mbili huweza kuwa zimechapishwa kwenye lebo iliyo chini au nyuma ya ruta. Ikikataa, tafadhali usikimbilie kitundu cha kuirejesha ruta katika hali ya kiwandani. Nilifanya hivyo nilipokuwa mgeni wa kazi hii: nilichomeka kijiti, nikashikilia hadi taa zikawaka upya, na pamoja na nywila nikafuta jina la akaunti ambalo ruta ile ililitumia kujiunga na mtoa huduma. Hakuna aliyekuwa amelinakili. Nyumba nzima ilikaa bila intaneti hadi kesho yake, na bado najuta. Tangu siku hiyo sigusi kitundu kile kabla mwenye nyumba hajanionyesha taarifa za akaunti yake, au mtoa huduma hajathibitisha kwamba hazihitajiki.

Ukishaingia, badilisha nywila ya msimamizi ikiwa bado ni ya kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka ruta na kamera nyingi kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuwa wamezibadilisha. Nakili nywila mpya kwenye karatasi na umkabidhi mwenye nyumba.

Ukibadilisha pia anwani ya ruta yenyewe, kwa mfano kutoka 192.168.1.1 kwenda 192.168.50.1, ukurasa utaganda mara tu unapohifadhi. Hujaharibu kitu: ruta imehamia anwani mpya, na kompyuta yako bado inabisha kwenye ile ya zamani. Zima Wi-Fi ya kompyuta, iwashe tena, kisha andika ipconfig na usome mstari wa lango upya.