Mama Jukwaa Anajibu: Bibi Titi kwenye singeli?

Shikamoo Mama Jukwaa. Kikundi chetu hapa Temeke kinaandaa igizo la muziki juu ya Bibi Titi Mohamed, na ndani tumetia singeli. Wazee wa mtaa wanasema tunamvunjia heshima. Halafu tulitazama Hamilton's America, ile filamu ya jinsi Hamilton, igizo la muziki juu ya mmoja wa waasisi wa Marekani, lilivyotengenezwa, tukatamani na sisi yetu. Mwenyekiti anasema tungoje igizo liive ndipo tukodi kamera. Tufanyeje?
Msomaji, Temeke

Marahaba mwanangu. Naanza na mwenyekiti, maana huyo ndiye atakayewaponza. Msingoje. Ile filamu ilimnoga kila mtu kwa sababu Alex Horwitz, rafiki tangu chuoni wa Lin-Manuel Miranda, mtunzi wa igizo hilo, alianza kurekodi kabla halijafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 2015. Ndiyo maana unamwona Miranda ameketi New York, kwenye chumba alicholala Aaron Burr, akihangaika na mistari ya Burr, mtu aliyempiga Hamilton risasi mwaka 1804. Mtu akishapata tuzo hahangaiki tena mbele ya kamera. Anasimulia tu alivyohangaika.

Mimi yamenikuta. Zamani kikundi chetu kilirekodi usiku wa onyesho la kwanza peke yake, kamera ya kuazima, nyuma kabisa ya ukumbi. Tulichopata ni visogo vya watu na feni inavuma. Ule ugomvi wetu wa miezi mitatu juu ya nani aimbe wimbo wa mwisho, ambao ndio ulikuwa mtamu, haupo popote.

Sasa wazee. Waambieni kwa adabu kwamba Bibi Titi alikuwa mwimbaji kabla hajawa mwanasiasa. Aliimba kwenye kikundi cha ngoma kikiitwa Bomba. Mwaka 1955, alipoongoza tawi la wanawake la TANU, alipitia vikundi hivyohivyo vya ngoma vya Dar es Salaam kuwaingiza akina mama chamani. Kumtoa muziki ndiko kumvunjia heshima! Hata Miranda, mwaka 2009, alipotangaza Ikulu ya Marekani kwamba anatunga hip hop juu ya Hamilton, ukumbi ulicheka. Ila singeli peke yake ni uvivu. Nendeni Kariakoo na Ilala mkawatafute mabibi: binti wa miaka 15 wakati ule leo ana themanini na kitu. Mwombeni awaimbie, mrekodi, ndipo mpe mpigaji wenu wa singeli akachokonoe mapigo.

Kubadili historia? Kidogo, mkijua mnachobadili. Kwenye Hamilton, Angelica Schuyler, shemeji wa Hamilton, anaimba kwamba baba yake hana watoto wa kiume, na alikuwa nao. Hilo linasameheka, wimbo ulilihitaji. Lakini msije mkamaliza igizo Desemba 1961, bendera inapanda, watu wapige makofi waende zao. Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa, akahukumiwa kwa uhaini, akaachiwa kwa msamaha 1972. Najua mtaogopa. Basi bishaneni humohumo mazoezini, na ubishi huo urekodiwe.

Kamera ya kukodi ya nini? Jumamosi hii wekeni simu juu ya stuli, karibu na waimbaji. Na feni mzime.