Usimhoji Kila Anayebisha Hodi: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kulinda Akaunti

Kanuni yangu ya kwanza katika kazi hii ilikuwa ya mstari mmoja: anwani ya IP ikiwa ngeni, mtumiaji atumiwe namba ya uthibitisho kwa meseji. Niliiwasha Ijumaa jioni. (Kwamba Ijumaa jioni hakiwashwi kitu, hilo nalo nililijua baadaye.) Jumatatu wenzangu wa huduma kwa wateja hawakuitikia hata salamu yangu. Karibu wote waliosimamishwa walikuwa wenye akaunti zao. Simu ikitoka Wi-Fi ikaingia kwenye data, anwani hubadilika, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache zinazozungushwa kila mara. Mtu hajainuka kitini, mimi namwona kahama mara nne.

Wazo lenyewe halina ugumu. Anayeingia kwa kifaa chake cha siku zote apite kwa nenosiri tu. Aliyetokea kwenye kivinjari tusichowahi kukiona, tena kupitia seva ya kukodi, aulizwe zaidi. Kila anayeingia anapewa alama ya hatari, na alama ndiyo inayoamua aulizwe nini. Wanaoanza hutumia miezi kunoa alama. Mimi nakushauri uanze na swali, na sababu yake ni hesabu ndogo.

Tuseme mfumo unapokea watu 100,000 kwa siku, na wezi kati yao ni 20. Kanuni yako ni kali: inanasa wezi 9 katika kila 10, na inawashuku kimakosa watu 2 tu katika kila 100 walio halali. Jioni utakuwa umenasa wezi 18 na kuwasumbua karibu watu 2,000 wasio na hatia. Kwa kila mwizi mmoja, umewasimamisha watu 111 wa haki. Maana yake swali lako litasomwa karibu kila mara na mwenye akaunti, basi liandike ukimfikiria yeye. "Tumegundua shughuli ya kutiliwa shaka" inamtia hofu bure. "Hatujawahi kuona kifaa hiki, thibitisha kuwa ni wewe" inatosha. Na ndiyo maana sipendi kufunga mlango moja kwa moja: anayeulizwa ana njia ya kutoka, aliyefungiwa hana.

Katika ishara zote, ninayoiamini zaidi ni ya kawaida mno: kidakuzi cha kifaa. Mtu akishathibitishwa kikamilifu, seva inaacha kwenye kivinjari chake namba ndefu ya nasibu iliyofungwa na akaunti ile, yenye HttpOnly (programu za ukurasa zisiisome) na Secure (isafiri kwa njia iliyosimbwa tu). Mwenye nenosiri lililovuja hana namba hiyo, na mwenye akaunti anabaki nayo hata akibadilisha mtandao. Sifa nyingine za kivinjari ni rahisi kuigiza. Toleo lake ndilo baya zaidi, maana vivinjari hujisasisha kila baada ya wiki chache, na ukilitegemea utawashuku watumiaji wako wote kwa pamoja.

Ishara ya safari isiyowezekana huwavutia sana wageni wa kazi hii: mtu kaingia kutoka mji mmoja, dakika 40 baadaye kaingia kutoka umbali wa kilomita 6,000, ilhali ndege ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa. Inapendeza kwenye mchoro. Lakini VPN, huduma inayompitisha mtu kwenye seva ya mahali pengine, huleta picha hiyohiyo, na hifadhidata za anwani mara nyingi huonyesha lango la kampuni ya mtandao, si alipo mtu. Iongeze kwenye mizani, isiwe hukumu. Kumbuka pia kwamba mwizi mzoefu hukodi njia inayopita kwenye vifaa vya majumbani katika mji uleule wa mwenye akaunti.

Tena usimtazame mtu mmojammoja tu. Anayejaribu orodha ya manenosiri yaliyovuja hugonga kila akaunti mara moja na kusonga mbele, kwa hiyo kila akaunti peke yake inaonekana tulivu. Hesabu makosa kwa anwani, kwa mtandao na kwa mfumo mzima. Kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP, hesabu kwa biti 64 za mwanzo za anwani, kwa sababu mteja mmoja hupewa fungu zima la anwani chini yake na anaweza kutumia mpya kila sekunde.

Sasa swali lenyewe. Namba kwa meseji ni dhaifu. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uitwao SP 800-63B wa mwaka 2017 uliiweka kwenye kundi la njia zenye vikwazo. Namba zinazobadilika kila sekunde 30 ni afadhali, ila tovuti ya ulaghai inaweza kumwomba mtu namba hiyo na kuipeleka kwetu papo hapo. Ukiuliza kitu kinachoweza kupokewa na kupelekwa hivyo, umemwambia tu mwizi aharakishe. Kubonyeza "kubali" kwenye simu nako kuna tatizo lake: Septemba 2022 mvamizi wa Uber, akiwa na nenosiri la mkandarasi, alituma maombi ya kukubaliwa tena na tena mpaka mkandarasi mwenyewe akakubali. Ufunguo wa WebAuthn (ufunguo wa siri unaokaa kwenye kifaa cha mtumiaji), kiwango cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 2019, umefungwa na jina la tovuti, kwa hiyo kwenye tovuti bandia haufanyi kazi. Wenye nao waulize huo.

Kosa nililoliona zaidi ya mara moja: mfumo unamshuku mtu, kisha kwa kuwa hana namba ya simu kwenye kumbukumbu, unamwomba aisajili palepale. Mwizi anasajili yake, na kuanzia hapo uthibitisho wetu unamlinda yeye. Unayemshuku usimwandikishie njia mpya.

Pitia pia milango mingine. Kurejesha nenosiri lililosahaulika kupimwe kwa alama ileile. Na kwa kuwa kidakuzi cha aliyekwisha kuingia huibwa, uliza tena mtu anapobadilisha baruapepe au anapohamisha fedha. RFC 9470 ya 2023, waraka wa viwango vya intaneti, inaeleza jinsi API (mlango ambao programu moja huombea huduma kwa nyingine) inavyodai uthibitisho wa juu zaidi.

Kabla ya kuwasha chochote, acha kanuni ikimbie kimya wiki kadhaa, ikiandika alama bila kumgusa mtu. Ukishaiwasha, hesabu wanaoulizwa wakaondoka bila kujibu. Usiwaite wote wezi waliokamatwa: humo wamo waliochoka na waliopoteza simu. Na kando ya kila alama hifadhi sababu zake, ili wa huduma kwa wateja akipigiwa aweze kusema "ulitumia kivinjari kipya" badala ya "mfumo umekataa".