Mshahara Mpya, Jiji Jipya: Hesabu za Kufanya Kabla ya Kufunga Mizigo

Mtu akipata kazi katika jiji jingine, ndugu na marafiki humuuliza kwanza mshahara umeongezeka kiasi gani, kisha humuuliza vyumba vya huko vinapangishwa bei gani. Maswali hayo yana haki yake, ila hayatoshi kumwambia mtu ahame au abaki. Nimefanya kazi Mwanza, Dar es Salaam na sasa Dodoma, kote nikiwa mwajiriwa wa sekta binafsi, na uhasibu umenizoesha kutazama mambo mawili tu: fedha inayobaki baada ya kila kitu kulipwa, na muda unaobaki baada ya kazi na barabara kuchukua wa kwao.

Tuanze na nyongeza yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hujipa matumaini makubwa. Tuchukue mtu anayelipwa shilingi 900,000 Mwanza, ambaye bado anarejesha mkopo wa elimu ya juu. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10, yaani 90,000. Kodi ya mapato inahesabiwa kwenye 810,000 iliyosalia na kufika 80,500. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 135,000. Anachopokea mkononi ni 594,500. Sasa mwajiri wa Dar es Salaam anamwahidi shilingi 1,000,000 kamili. Ukirudia hesabu ileile, NSSF inakuwa 100,000, kodi 103,000 na Bodi ya Mikopo 150,000, naye anaondoka na 647,000. Ile laki moja iliyofanya simu zipigwe kijijini ni shilingi 52,500 tu. Akipanga mahali ambapo lazima apande daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa nauli ya 600 kila moja, siku 22 za kazi zitamgharimu 52,800. Kama kule Mwanza alikuwa anatembea kwa miguu hadi ofisini, nyongeza yote imekwisha na bado anadaiwa shilingi 300.

Sisemi kwamba asiende. Ninachosema ni kwamba mazungumzo na mwajiri yafanyike kwa kutumia kiasi cha mkononi, kwa sababu Tanzania jiji lenyewe halikuongezei chochote kwenye karatasi ya mshahara. Kima cha chini cha sekta binafsi kinapangwa kwa kufuata sekta, na mtumishi wa umma mwenye ngazi fulani analipwa sawa awe Posta katikati ya Dar es Salaam au Sengerema kule mkoani Mwanza. Wenzetu wa Kenya angalau amri zao za mishahara hutenganisha Nairobi, Mombasa na Kisumu na miji midogo. Kwetu tofauti ya gharama kati ya mji na mji inabebwa na mfanyakazi mwenyewe, isipokuwa ameiomba na akakubaliwa.

Kuhusu pango, bei ya mwezi ni sehemu tu ya habari. Wenye nyumba wengi wanataka malipo ya miezi sita, na wengine mwaka mzima, na dalali naye anasubiri pango la mwezi mmoja. Chumba na sebule cha 200,000 kwa mwezi kinadai 1,400,000 siku ya kukabidhiwa funguo. Ile laki mbili ya dalali hairudi. Ukikaa mwaka mmoja, gawanya kwa 12 na uone kwamba pango lako halisi linakaribia 217,000. Ukihama kila baada ya miezi sita kwa sababu jirani ana kelele au maji hayatoki, linapanda hadi zaidi ya 233,000. Ndiyo maana mimi huwa tayari kulipa kidogo zaidi kwa nyumba ambayo nina uhakika nitadumu nayo, na sitoi hela ya kuonyeshwa vyumba mfululizo kabla sijafika mtaa husika jioni, muda ambao watu wamerudi nyumbani na bomba linapaswa kutoa maji.

Kuna kitu kingine ambacho tangazo la nyumba halitaji, nacho ni mita ya umeme. Shirika la TANESCO lina bei nafuu kwa mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ambaye hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, huku mteja wa kawaida akilipa 292. Sasa fikiria nyumba yenye wapangaji watano wanaochangia LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Hata kama wewe unatumia taa, feni na pasi tu, matumizi yenu kwa pamoja yanaiweka mita kwenye kundi la juu, nawe unanunua uniti kwa karibu mara tatu ya bei ambayo ungeilipa peke yako. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa kupitia mita hiyohiyo, na mara nyingi anayenunua umeme ndiye anayeilipa bila kuambiwa. Kabla ya kusaini mkataba, omba kuona mita na uulize inahudumia vyumba vingapi. Pale Tabata niliwahi kukuta daftari la kushea umeme limefungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha la uani, kila mpangaji na mstari wake, na majina yaliyopigwa kalamu nyekundu yalikuwa mengi kuliko yaliyolipa. Nyumba ile ilikuwa nafuu kwa bei, lakini niliiacha.

Maji nayo yana sura yake kila jiji. Dar es Salaam mitaa mingi ina visima vya maji ya chumvi, yanayofaa kufulia na kudekia, hivyo ya kunywa na kupikia unayanunua pembeni. Dodoma ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, na mgao huwafanya wenye nyumba zenye matangi makubwa watoze zaidi, tena kwa haki. Mwanza ziwa liko chini ya macho yako, ila ukipanga juu ya mawe kule Mabatini au Igogo kwa kuvutiwa na bei, ujue kwamba dumu la lita 20 linapanda mlima kwa mgongo wa mtu na mtu huyo analipwa.

Hata hivyo, kwa familia yangu jambo lililoamua halikuwa pango wala maji. Mume wangu ni fundi wa madirisha ya alumini. Dar es Salaam alikuwa na ujuzi uleule, lakini mafundi walikuwa wengi na nusu ya siku yake iliishia barabarani kati ya Goba na Mbagala akifuata kazi za dirisha mojamoja. Tangu serikali iharakishe kuhamia Dodoma kuanzia 2016, ujenzi haujapoa huku. Iyumbu, Nzuguni, Ilazo, kila unapotazama kuna ukuta unaosubiri fremu. Pango letu la Dodoma halikuwa rahisi kama tulivyosikia, kwa sababu wenye nyumba nao wanajua nani amehamia. Kilichobadilika ni kipato cha mwenzangu. Kwa mwanamke anayeuza nguo alizochukua Kariakoo asubuhi na kuzimaliza ofisini jioni, hesabu ingeweza kugeuka kabisa, na mshahara wa mumewe wa Dodoma usingefidia wateja aliowaacha. Kwa hiyo anayehama ni kaya, na hesabu ya mtu mmoja humdanganya hata mhasibu.

Wapo wanaojaribu kukwepa uamuzi huo kwa kuacha familia Dar es Salaam na wao kupanga chumba Dodoma. Tangu treni ya SGR ilipofika mwaka 2024 mtindo huu umeshamiri, kwa kuwa safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa basi sasa inakamilika kwa takriban saa nne. Nauli ya kuanzia ilipangwa kuwa shilingi 31,000 kwa daraja la kawaida. Ukienda na kurudi mara mbili kwa mwezi ni 124,000. Ongeza pango la pili, jiko la pili, godoro la pili, chakula cha mamantilie kwa mtu asiyejipikia, na utaona kwamba kaya mbili ni anasa ya mwenye mshahara mkubwa. Inafaa kwa miezi michache mtoto akimalizia mwaka wa shule. Ikigeuka kuwa miaka, inakula kila kitu, pamoja na ndoa.

Kuhusu ubora wa maisha, kila mtu ana udhaifu wake, nami sina haja ya kuwapangia wengine. Mwenye mgonjwa wa moyo anayehudhuria kliniki Muhimbili asidanganywe na pango la chini. Mwenye kifua kinachobana aulize kwanza kuhusu vumbi la Dodoma la mwezi wa nane. Mimi ninathamini kufika nyumbani kabla ya magharibi, na Dodoma inanipa hilo mradi nisipange Nala huku ofisi iko Mtumba, upande wa pili wa jiji.

Ukiwa umeridhika na hesabu zako, omba mwajiri akukopeshe pango la miezi sita na alikate kidogo kidogo kwenye mshahara, hata kama atapunguza nyongeza aliyoahidi. Nyongeza hukatwa kodi, NSSF na mkopo wa elimu kila mwezi. Fedha ya kukopeshwa inakufikia nzima, na inakuja siku ile ambayo dalali na mwenye nyumba wamesimama mlangoni. Omba makubaliano hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa taarifa ya kuacha kazi uliyonayo.