Domeni mbili, seva moja ya nyumbani: mbona zote zinaleta tovuti ileile?

Swali: Kaka fundi, habari za kazi. Nyumbani nina kompyuta ya mezani ya zamani, nimeiwekea mfumo wa Ubuntu na Apache, programu inayowapa wageni tovuti. Nimelipia domeni mbili, moja ya duka letu na nyingine ya kwaya ya kanisani, na kila moja nimeitengenezea folda na faili yake ya mipangilio. Nikiwa kazini nikiandika jina la duka, duka linakuja. Nikiandika la kwaya, linakuja duka vilevile! Nikirudi nyumbani ndiyo kabisa, jina lolote kati ya hayo linaniletea ukurasa wa kuingilia kwenye ruta. Jamaa mmoja ameniambia ninunue anwani ya IP ya pili. Faili zote mbili nimekuambatishia. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Salama kabisa dada, na IP ya pili usinunue. Hela hiyo weka kwenye UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika tovuti zote mbili zinalala pamoja.

Una matatizo mawili yasiyohusiana, ila yamekukuta kwa wakati mmoja. Tuanze na la kwaya. Ukiwa kazini uliandika jina la kwaya ukaletewa duka. Hapo tayari tumeshajua mengi: DNS, inayogeuza jina kuwa anwani ya IP, imekufikisha kwenye mtandao wa nyumbani kwako, ruta imepitisha poti 80 (mlango wa tovuti za kawaida) hadi kwenye seva, na Apache imejibu. Mojawapo ya hizo ingekuwa mbovu, usingeona chochote cha kwako. Kwa hiyo ruta iache ilivyo, na rekodi za DNS usiziguse. Shida iko ndani ya Apache, pale inapoamua mgeni huyu apewe tovuti ipi. Nalirudia hili kwa sababu watu wengi wakikwama hubadilisha kila kitu kwa mpigo, na ikifika jioni wana matatizo manne badala ya moja.

Kivinjari kikifika kwenye seva hakiji na IP tu. Kinabeba pia mstari unaosema `Host: kwaya.example`. (Domeni zako halisi nimezificha. Majina yanayoishia na .example yametengwa kwa ajili ya mifano na hayauzwi.) Ni kama nyumba ya kupanga yenye geti moja: anayepiga hodi lazima aseme anamtafuta nani. HTTP ndiyo lugha ya kivinjari na seva; toleo la HTTP 1.0, lililochapishwa rasmi mwaka 1996, haikulazimisha mgeni kutaja jina. Iliyofanya mstari huo kuwa lazima ni HTTP 1.1, mwaka 1997. Kwenye HTTPS, yaani HTTP iliyofichwa kwa msimbo, ambapo seva hutoa cheti cha kuthibitisha jina lake, mambo yalichelewa zaidi. Utaratibu wa kutaja jina kabla cheti hakijatolewa, SNI, uliwekwa kwenye viwango mwaka 2003, na kwa miaka mingi baadaye bado kulikuwa na watu wanaotumia Internet Explorer kwenye Windows XP, isiyoujua kabisa. Ushauri wa "kila tovuti na IP yake" umetoka zama hizo. Jamaa yako hakukudanganya, amepitwa na wakati tu.

Sasa faili yako ya kwaya:

```
<VirtualHost *:80>
    ServerName www.kwaya.example
    DocumentRoot /var/www/kwaya
</VirtualHost>
```

Kwa Apache, `www.kwaya.example` na `kwaya.example` ni majina mawili tofauti, hata kama kwako na kwangu ni kitu kimoja. Wewe umelisajili lenye www, halafu kwenye kivinjari unaandika lisilo na www. Apache inalitafuta, hailioni. Na ikilikosa haimfukuzi mgeni: inampa tovuti iliyosomwa kwanza kwenye poti hiyo. Faili za `sites-enabled`, folda ya tovuti zilizowashwa, husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, ndiyo maana ile inayokuja na Ubuntu imepewa jina la `000-default.conf`, ili itangulie. Wewe uliizima, kwa hiyo `duka.conf` ikashika nafasi ya kwanza, kwa sababu tu d inatangulia k. Kama faili ya kwaya ingeitwa `amani.conf`, ungeona kila kitu kiko sawa na kosa lingeendelea kujificha.

Duka lenyewe, kwa taarifa yako, linabebwa na bahati hiyohiyo. Nalo halina mstari wa jina la pili. `www.duka.example` inafunguka kwa kuwa kila kisichojulikana kinaangukia dukani.

Rekebisha hivi, halafu ufanye vivyo hivyo kwenye faili ya duka:

```
<VirtualHost *:80>
    ServerName kwaya.example
    ServerAlias www.kwaya.example
    DocumentRoot /var/www/kwaya
</VirtualHost>
```

Kisha washa tovuti, kagua mipangilio, iambie Apache iisome upya, na uangalie matokeo:

```
sudo a2ensite kwaya
sudo apachectl configtest
sudo systemctl reload apache2
sudo apachectl -S
```

Hiyo amri ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nashangaa watu hawaitumii. Inakuonyesha Apache yenyewe imeelewa nini, siyo wewe ulikusudia nini:

```
*:80  is a NameVirtualHost
   default server duka.example (/etc/apache2/sites-enabled/duka.conf:1)
   port 80 namevhost duka.example (...duka.conf:1)
           alias www.duka.example
   port 80 namevhost kwaya.example (...kwaya.conf:1)
           alias www.kwaya.example
```

Mstari wa `default server` ndio unaotaja nani anapokea wageni wasiojulikana. Majina yote manne yakionekana hapo, umemaliza upande wa poti 80. Ukikuta mahali panakuambia uongeze mstari wa `NameVirtualHost`, maelezo hayo ni ya zamani. Tangu Apache 2.4 hauhitajiki.

Kabla hujafungua kivinjari, jaribu ukiwa kwenye seva yenyewe:

```
curl -H "Host: kwaya.example" http://127.0.0.1/
```

Hapa unaiambia Apache jina moja kwa moja, bila DNS wala ruta kuingilia. Ikirudisha ukurasa wa kwaya, Apache iko sawa, na kivinjari kikiendelea kuleta duka, futa kumbukumbu zake au jaribu kwa dirisha la faragha. Na jina la kompyuta yenyewe, lile ulilolichagua siku unaweka Ubuntu, halina uhusiano wowote na haya. Iite seva utakavyo.

Tatizo la pili, la ruta kukuletea ukurasa wake. Ukiwa nyumbani, DNS inakupa IP ya nje ya nyumba yako, ileile anayopewa mtu aliye Arusha. Ombi lako linatoka kwenye laptopu, linafika kwenye ruta, na ruta inaona IP hiyo ni yake yenyewe. Ruta nyingi za bei nafuu hazijui kuligeuza ombi hilo lirudi ndani hadi kwenye seva. Zinajibu zenyewe, au zinakaa kimya hadi muda uishe. Angalia kwenye mipangilio kama kuna kipengele cha NAT loopback, ukiwashe. Kama hakipo, weka mstari huu kwenye faili ya hosts ya laptopu yako (Linux iko `/etc/hosts`, Windows iko `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`, na utahitaji ruhusa ya msimamizi):

```
192.168.1.20  duka.example www.duka.example kwaya.example www.kwaya.example
```

Namba hiyo badilisha iwe ya seva yako ndani ya nyumba, na hakikisha ruta imeigandisha isibadilike. Faili ya hosts haielewi nyota (kama `*.kwaya.example`), kila jina uliandike kamili. Ubaya wake ni kwamba laptopu unaibeba: ukifika nayo kazini itaendelea kutafuta 192.168.1.20 ya huko, isiikute. Ndiyo maana mtu mwenye vifaa vingi nyumbani namshauri aweke dnsmasq au Pi-hole, programu za DNS ya ndani, kwenye seva, iwajibu wote waliomo ndani. Kwako kwa sasa, kujaribu kwa simu iliyozimwa wifi kunatosha.

HTTPS usiiache, kwa sababu vivinjari vya siku hizi mara nyingi vinaijaribu kwanza. Ruta ipitishe poti 443, ya HTTPS, pia, na poti 80 ibaki wazi, kwa kuwa Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, wanaitumia kuhakiki kwamba domeni ni yako. Cheti unakiomba kwa programu ya certbot:

```
sudo certbot --apache -d kwaya.example -d www.kwaya.example
```

Fanya hivyo kwa domeni zote mbili siku hiyohiyo. Ukichukua cheti cha duka peke yake, poti 443 itakuwa na tovuti moja tu, na mtu akiandika https ya kwaya ataangukia dukani tena, safari hii akiwa na onyo jekundu la cheti. Rekodi ya www nayo lazima iwepo kwenye DNS, la sivyo certbot itagoma kwa amri nzima.

Kwa wasomaji wengine ambao tovuti haifunguki kabisa kutoka nje: tazama IP ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ruta yenu. Ikiwa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja. Hapo kufungua poti kwenye ruta hakusaidii. Ombeni IP ya umma, au mpitishie WireGuard (njia ya VPN) hadi kwenye seva ndogo ya kukodi.

Wewe dada hayo hayakuhusu, kwa sababu ukiwa kazini duka lilifunguka. Ukishafanya haya na kwaya bado inaleta duka, nitumie matokeo ya `apachectl -S` pamoja na ya ile amri ya curl. Picha ya kivinjari haitanisaidia.