Hiyo hatua ya siku moja moja itakuumiza mkuu

Mkuu hapo uliposema unatengeneza modeli ya oksijeni kwenye vizimba vya sato halafu utaweka hatua (yaani muda ambao modeli inaruka toka hesabu moja mpaka inayofuata) ya siku nzima ili laptop isichoke, nimeshika kichwa. Usithubutu! Oksijeni majini inapanda mchana mwani ukipata jua, usiku inashuka mpaka alfajiri ndo inakuwa chini kabisa, sasa wewe unaruka toka saa sita mchana mpaka saa sita mchana ya kesho, hiyo alfajiri utaionea wapi? Grafu inasema samaki wazima, kumbe huko vizimbani wanaelea matumbo juu.

Mimi yamenikuta nikisoma hapahapa Mwanza. Nilichukua modeli ya Lotka-Volterra, ya mla na mliwa, nikaweka sangara na furu, wale samaki wadogo anaowala, nikapiga kwa Euler (njia ya kuchukua kasi ya sasa, kuzidisha kwa hatua, na kujumlisha kwenye kilichopo), hatua mwezi mzima, maana kuna jamaa alikuwa anauza video za masomo (nilimlipa hela ya kula ya wiki mbili, Mungu anamuona) alisema hatua ndogo ni mbwembwe za maprofesa. Basi mawimbi ya grafu kila mzunguko yanakua, yanakua tu, na mimi kwa vile najua sangara waliletwa ziwani miaka ya 1950 na furu wakaja kuporomoka miaka ya 1980, nikajua nimegundua kitu! Miezi minne naandika ripoti kwamba balaa linakuja. Siku ya kuitetea mwalimu mmoja akasema kwa upole tu, kijana, gawa hatua yako kwa kumi uendeshe tena. Nikaendesha mbele za watu. Kule kukua kwa mawimbi karibu kote kukaisha. Kumbe zile ekwesheni zinarudi palepale kila mzunguko, hazikui, kilichokuwa kinakua ni makosa ya Euler. Nikarudia mwaka, na washkaji tukikutana Kirumba mpaka leo wananiita Nabii wa Ziwa. Poa, angalau nina cheo.

Unabisha? Chukua tenki linalovuja kwa kasi ya sehemu moja ya kumi ya maji yaliyomo kila dakika. Anza na lita 100, piga Euler hatua ya dakika 30. Unapata lita -200, kisha 400, kisha -800. Tenki linadaiwa maji! Weka dakika 1 uone linavyoshuka kistaarabu.

Endesha, gawa hatua kwa mbili, endesha tena, majibu yakibadilika usimwonyeshe mtu hata mkeo. Vensim (programu ya kutengeneza modeli) au Python (lugha ya kuandikia programu), yoyote tu, Vensim ina sehemu ya TIME STEP, ndo hiyo hatua, kaiangalie mwenyewe, Python tumia solve_ivp ya SciPy, maktaba yake ya hesabu, inajichagulia hatua, ila hata hiyo ibane kiwango cha makosa uone kama jibu linasogea.

Leo usiku weka hatua ya nusu saa, halafu ya robo saa, bandika grafu zote mbili hapa tuione hiyo alfajiri.