Skye kwenda na kurudi siku moja? Mkuu, futa hiyo ratiba leo hii

Mkuu, kuhusu safari yako ya Uskoti umeandika hivi: "Nina siku nne. Jumamosi natoka Edinburgh alfajiri na gari la kukodi, napitia Loch Ness, nazunguka kisiwa cha Skye, usiku narudi Edinburgh kulala." Halafu ukauliza nguo za kubeba, chakula, bajeti, na wapi utasikia zile zumari zao za mfuko. Hayo mengine yasubiri. Nimesoma huo mstari wa Jumamosi nikaweka chai chini, kwa sababu hiyo ratiba naijua. Niliiandika mimi mwenyewe Julai 2018, na ilinila pauni 815. Nauli yangu ya Dar–London kwenda na kurudi haikufika hapo.

Aliyeniponza ni shemeji yangu wa Leicester. Ana miaka kumi na moja Uingereza, hajawahi kuvuka Newcastle kwenda Uskoti, lakini kwa kuelekeza watu hana mpinzani. "Uskoti ni kamkoa tu, siku mbili umeimaliza." Kwa ukubwa hakukosea sana: Uskoti ina kilomita za mraba kama 78,000, inakaribiana na mkoa wa Tabora. Ila nitajie mtu mmoja aliyeimaliza Tabora kwa siku mbili. Na Tabora haina bahari iliyoingia nchi kavu kama vidole, unaona nyumba ng'ambo pale, unaweza hata kumpungia mkono mwenye nyumba, na kumfikia ni nusu saa ya kuzunguka.

Mimi nami nilikuwa na kiburi changu. Wanaendesha kushoto kama sisi, leseni ya kwetu mgeni anaruhusiwa kuitumia, Kitonga nimeipanda usiku na mvua, nani wa kunitisha? Saa 11 alfajiri niko barabarani kuelekea Perth.

Loch Ness niliipa robo saa. Ziwa lina urefu wa kilomita 37 na kina kinachopita mita 220, mimi nilichokiona vizuri ni maegesho yake. Eilean Donan, ile ngome inayokaa kwenye kila kalenda, niliiona kupitia kioo cha pembeni. Saa 7 mchana nikavuka daraja la Skye nikajiona mjanja. Kumbe ndiyo kwanza naingia mtegoni. Portree, mji mkubwa wa kisiwa, hakuna pa kuegesha. Old Man of Storr, ile nguzo ya mwamba mlimani, magari yamejipanga pembeni mwa barabara kama msibani. Simu inasema kilomita kumi zimebaki, na hizo kumi unazimaliza kwa dakika arobaini ukiwa nyuma ya gari la kulala ndani linalotembea kwa heshima zote.

Saa 11 jioni nikakata ile barabara ya Staffin kwenda Uig, inayopanda milima ya Quiraing. Hapa soma polepole. Upana wake ni wa gari moja, na magari yanakuja pande zote mbili. Kila baada ya umbali kidogo kuna kijisehemu kimechongwa pembeni chenye kibao cheupe, hapo ndipo mnapopishana. Kikiwa kushoto kwako, unaingia. Kikiwa kulia, HUINGII: unasimama upande wako, usawa wa kile kijisehemu, mwenzako ndiye anayezunguka. Na huegeshi hapo kupiga picha, hata mlima ukuite kwa jina la ukoo. Kampuni ya magari ilinisainisha kurasa nane za mafuta na mikwaruzo. Hili halikuwemo hata kwa mstari mmoja.

Likaja gari la kulala ndani likishuka. Sehemu ya kupishania ilikuwa nyuma yangu, mita hamsini hivi. Mtu mwenye akili timamu angerudi nyuma taratibu. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya saa za kurudi Edinburgh, nikasema napanda majani, kwetu tunapanda majani kila siku. Mkuu, yale si majani. Ni sponji. Chini yake kuna mboji iliyolowa tangu enzi za Nuhu, na kando ya mboji kuna mtaro. Gurudumu la mbele kushoto likazama, likakutana na jiwe, nikasikia "paa!", gari likalala upande kama ng'ombe aliyegoma.

Nafungua buti: spea hakuna. Kuna kichupa cha gundi na kipampu, na tairi limechanika ubavuni, unaingiza vidole vitatu. Mtandao wa simu hakuna. Wale wa gari la kulala ndani walinipungia mkono wa shukrani kwa kuwapisha, wakaenda zao.

Akaja mzee mmoja na trekta, mbwa wake kakaa pembeni kama utingo. Akafunga mnyororo, akanitoa mtaroni, hela akakataa. Aliposikia Tanzania akasema, "Livingstone!" Nikamwambia sisi Waafrika ndio tuliomrudisha kwenu, watumishi wake kina Susi na Chuma walibeba maiti yake mpaka Bagamoyo mwaka 1874. Akaitikia kwa kichwa, akalitazama tairi, akasema: "Ila wao walitembea kwa miguu."

Akanipeleka kwake nikapiga simu. Gari la kuvuta lingekuja kesho yake. Vyumba? Julai, Skye, usiku huohuo? Kila nyumba ya wageni ilikuwa na kibao cha kujaa dirishani. Nikalala garini, nikafungua kioo kidogo nipate hewa.

Mbu wa Mbagala ana adabu zake: anapiga honi kwanza, na anakuja mmoja mmoja. Usubi wa Uskoti hana sauti, ni mdogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, na anakuja na ukoo mzima. Wanapenda jioni tulivu yenye unyevu, upepo ukivuma kidogo wanatawanyika. Usiku ule haukuvuma hata wa kuzimia kiberiti. Saa 4 usiku bado kweupe, nikawa nawaona kabisa wanavyopanga foleni kwenye kioo. Asubuhi sikio langu la kulia lilikuwa na ukubwa wa andazi. (Uliuliza nguo: nunua wavu wa kichwa, dukani ni pauni chache. Na koti la mvua. Mwavuli acha, upepo wa siku nyingine utakunyang'anya.)

Hesabu hii hapa, kwa pauni: gari la kuvuta 190, tairi na rimu 340, siku ya ziada ya gari 70, chumba cha Edinburgh nisichokilalia 95, na tiketi mpya ya ndege ya kurudi London 120 kwa sababu ile ya kwanza iliniacha. "Lakini si una bima?" Ndiyo, ile ambayo sehemu ya kwanza ya hasara unabeba mwenyewe, na matairi hayamo kabisa. Kijana wa kaunta alinieleza hilo akitabasamu, WAKATI WA KURUDISHA GARI.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: SEHEMU MOJA, USIKU TATU. Kitanda kwanza, njia baadaye. Ukikosa kitanda Skye kwa tarehe zako, basi Skye huendi, mwaka huu haikutaki. Kaa Pitlochry, treni ya kama saa mbili kutoka Edinburgh, milima na mto viko palepale.

Nilirudi Juni 2022 bila gari. Treni kutoka Glasgow mpaka Mallaig, inakatiza nyika ya Rannoch Moor na lile daraja la Glenfinnan la matao 21. Watu wanalipa pesa ndefu kupanda treni ya moshi wakati treni ya kawaida inapita juu ya matao yaleyale. Halafu kivuko mpaka Armadale, kusini mwa Skye, halafu basi. Usiku tatu Staffin. Siku ya kwanza mvua ilinyesha kutwa, na ndipo nilipojifunza mengi kuliko safari nzima ya kwanza, maana mama mwenye nyumba alikuwa hana pa kwenda na mimi sina pa kwenda. Akanieleza kuhusu kuta za mawe zisizo na paa unazoziona mabondeni: ni nyumba za watu waliofukuzwa na wenye ardhi ili kondoo wapate nafasi. Akanieleza Braes, kusini mwa Portree, mwaka 1882, polisi walivyoletwa kutoka Glasgow na akina mama wakawapokea kwa mawe, na kwamba mwaka 1886 ikapitishwa sheria ya kuwalinda wakulima wadogo wasing'olewe ovyo. Mkuu, habari ya mwananchi kuondolewa ili mifugo ya tajiri ipite, sisi hatuhitaji mkalimani.

Siku ya pili maji yalipokupwa nikaona nyayo za dinosaria kwenye mwamba wa ufukwe wa An Corran. Mwaka 2018 nilipita karibu na pale nikitafuta pa kugeuzia gari.

Usiku wa tatu yule mama akaniambia kuna ceilidh ukumbini, inatamkwa "keili", ngoma ya kijiji. Kuna mchezo mmoja unaitwa Strip the Willow, mnapanga mistari miwili, unazungushwa na kila mtu kwa zamu. Bibi wa umri wa mama yangu alinikamata viwiko akanizungusha mpaka kiatu kikatoka. Sasa hiyo ya siku moja na gari utaipatia wapi?

Zumari huko sikuisikia hata moja. Palikuwa na fidla na akodioni. Zumari niliisikia Edinburgh, mtaa wa Royal Mile, kijana amevaa kilti, ile sketi yao, na mbele yake kofia ya sarafu.

Shemeji nilimtumia risiti zote tano kwa WhatsApp. Akajibu: "Pole. Lakini si umeiona yote?"