Kimya cha Python si ruhusa

Swali: Ninasoma Goma, na ninaandika programu kwa lugha ya Python ya kujumlisha mauzo ya sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) ya mama yangu. Asubuhi sum(bei), amri ya kujumlisha bei zote, ilitoa jibu, lakini mchana mstari uleule, ambao sikuugusa, ulikataa kwa ujumbe «'int' object is not callable». Fundi mmoja wa mtaa wa Birere alinitoza pesa, akaifuta Python na kuiweka upya. Baada ya nusu saa kosa likarudi. Je, ni virusi?

Jibu: Si virusi, na pesa hiyo hukupaswa kuilipa. Katika msimbo uliotutumia, karibu na mwisho, kabla ya kitanzi cha for (sehemu inayorudiwa-rudiwa), umeandika sum = 0. Tangu hapo sum si fanksheni tena, yaani amri ya Python unayoiita ikufanyie kazi, bali ni sifuri, ambayo ni int (namba kamili), na unapourudia mstari wa juu katika daftari lilelile la Jupyter (programu ya kuandikia na kuendeshea Python, inayokumbuka kila jina ulilolitaja), unaiomba sifuri ijumlishe bei. Fundi wako aliizima Jupyter na kuiwasha tena, kumbukumbu ikafutika; hayo mengine yote yalikuwa maonyesho. Ungeandika del sum (lifute jina sum), fanksheni ya asili ingerudi papo hapo.

Kinachonichosha, maana ninakiona kila wiki, ni imani kwamba jina ambalo Python haikulikataa ni jina lililo huru. Python hukataa maneno yake 35 ya sarufi tu, kama vile for, if na class. Maneno sum, list, max na input hayamo humo. Ni majina ya kawaida yaliyowekwa mahali pa mwisho pa kutafutwa, baada ya fanksheni unamoandika na baada ya faili lako, na kwa hiyo Python ikikutana na jina lako njiani, haiendelei mbele wala haikuonyi.

Wapo pia wanaouza mafunzo ya siku tatu na kuwaambia vijana watangulize my mbele ya kila jina, au waandike List kwa herufi kubwa. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa kwa desturi ya Python herufi kubwa mwanzoni ni alama ya klasi (kiolezo cha kuundia vitu), na msomaji wa msimbo wako atapotoshwa. Andika mauzo, au jumla_ya_siku: majina ya Kiswahili ni nadra sana kugongana na ya Python. Jihadharini zaidi na Kifaransa chetu cha darasani, kwani type, format na max ni maneno ya Kifaransa na pia ni ya Python, na anayeandika type kwa kumaanisha aina ya samaki hatambui alichokifunika. Ikiwa ni lazima ulitumie neno hilo, fuata desturi ambayo PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python, inaitoa kwa maneno ya sarufi: ongeza kistari cha chini mwishoni, type_.

Majina ya mafaili nayo yana mtego huohuo. Ukiliita faili lako csv.py, siku utakapoandika import csv, ukitaka zana ya Python yenyewe ya kusomea majedwali, Python italeta lako, na hakuna fundi atakayeliponya kwa kuweka upya chochote.